Kabla Hujasaini na Kliniki, Ulizia Mafaili

Nilipoanza kutoa ushauri nasaha kwa mkataba wa kujitegemea, niliona nimepata raha mbili: chumba nisichokilipia pango, na kutokuwa na bosi wa kunihoji nimetoka wapi. Kliniki ilichukua asilimia 40, mimi nikabaki na zangu. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Niliusoma nimesimama pale mapokezi, nikasaini.

Baada ya miezi 14 tukapishana kauli na uongozi, nikatoa notisi ya wiki nne. Nilidhani zitanitosha kuagana na wateja. Kesho yake nikakuta kabati la mafaili limebadilishwa kufuli. Dada wa mapokezi akaninong'oneza kwamba ameagizwa kufuta miadi yangu yote, na wateja wakipiga simu awajibu tu kuwa sipo tena. Kati yao alikuwepo mmoja aliyehitaji miezi mitano kabla hajaweza kuketi mbele yangu bila kukumbatia mkoba wake. Zaidi ya hapo sisemi.

Nilikwenda kwa mwenzangu anayenisimamia kitaaluma, nimefura. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Mliandikiana nini kuhusu mafaili?" Hatukuandikiana kitu.

Ukijitegemea, leseni ina jina lako. Mteja akitelekezwa katikati ya tiba, atakayeulizwa na bodi inayotoa leseni ni wewe, hata kama kufuli si lako. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizia: mafaili ni ya nani, yatatunzwa miaka mingapi, nitayapataje nikishtakiwa, nani atawaarifu wateja nikiondoka? Majibu yaandikwe. Kuna mikataba yenye kipengele cha kukukataza "kuondoka na wateja". Siku hizi sikisaini kilivyo. Kliniki ina haki ya kulinda biashara yake, sawa, lakini mteja si kiti cha ofisi. Anayechagua wa kumhudumia ni yeye.

Bima nayo. Usijipe moyo kwamba ya kliniki inakukinga. Huenda inawahusu waajiriwa tu. Kata yako, na usiangalie bei peke yake. Ipo inayolipa dai la tukio lililotokea bima ikiwa hai, hata dai likija miaka mingi baadaye. Nyingine hulipa ikiwa dai lenyewe limeletwa bima ingali hai. Hii ya pili huwa nafuu mwanzoni, ila ukiiacha bila kununua nyongeza ya kufunika kazi ya nyuma, umebaki wazi. Na malalamiko katika kazi yetu hayana haraka ya kufika.

Kodi ya mapato usitegemee kukatiwa yote, tenga fungu lake kila ukilipwa.

Lililonichukua muda kulielewa ni la usiku. Mteja anakutumia ujumbe saa nne kwamba amechoka kuishi. Nani anaupokea, wewe au kliniki? Lijadilini mapema, kisha siku ya kwanza mwambie mteja kwa mdomo wako: ukiwa hatarini piga simu hapa, na siri yako naitunza isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akidhulumiwa. Usitegemee fomu ya mapokezi. Fomu ile mteja huisaini kama nilivyosaini mkataba wangu, amesimama.

Niliiandikia kliniki barua kuomba kila mteja apewe majina ya washauri wengine wawili. Walikubali baada ya wiki tatu. Wangapi walikuwa wameshakata tamaa, sijui mpaka leo.

Sasa mwenzangu yule anatunza bahasha yangu iliyofungwa: maelekezo ya kuyapata mafaili na kuwafikia wateja wangu iwapo nitaugua ghafla au kufa. Wateja wanalijua hilo, wameliridhia kwa maandishi. Nilipomkabidhi aliipima mkononi, akauliza ya kwake aniletee lini.