Shangazi aliuliza kama huku Mungu amefukuzwa

Shangazi, shikamoo. Na ninyi binamu zangu mlioko Moshi, salamu. Swali lenu nimelipata: ni kweli Wajerumani wameacha dini kabisa, na je, mtoto wangu atakua bila maadili? Shangazi akamalizia kwa kusema hii ni Sodoma, nirudi. Nawajibu bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuhusu makanisa, mengi mliyosikia ni kweli. Hapa Leipzig, mji wa mashariki mwa Ujerumani ninakoishi, ndiko ilikotoka misheni iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ile iliyotuachia sharika, shule na zahanati. Leo simama kituo cha tramu uulize watu wa kanisa gani. Wengi watakujibu hawana kanisa, na wengine watashangaa kwa nini unawauliza mambo yao ya ndani.

Ila msiwahukumu upesi. Wengi wao hawakuamka siku moja wakaasi. Serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ilitawala miaka 40, na mtoto aliyeng'ang'ania kanisa angeweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu. Badala ya kipaimara ikasukumwa sherehe isiyo na dini ya vijana wa miaka 14, inaitwa Jugendweihe, na mpaka leo familia nyingi huku mashariki bado zinaifanya, na suti na ukumbi na zawadi za bahasha. Mwaka 1968 serikali hiyo ililipua kanisa la chuo kikuu, katikati ya mji, kanisa lililokuwa limepona mabomu ya vita. Halafu mwaka 1989 watu hao hao wakajaa Kanisa la Mtakatifu Nikolai kwenye maombi ya Jumatatu, wakatoka kuandamana na mishumaa mikononi, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Nilidhani baada ya hapo makanisa yangefurika. Wapi! Walikimbilia kanisani kama mtu anayejikinga mvua kwenye baraza la watu. Mvua ilipokatika wakaenda zao.

Pale lilipolipuliwa lile kanisa pamejengwa jengo jipya, na ugomvi wake ningetamani mngeusikia. Je, hili ni kanisa au ni ukumbi wa chuo? Ile mimbari ya zamani iliyookolewa kabla ya baruti, irudishwe ndani au isirudishwe? Walibishana miaka, maprofesa kwa wachungaji. Lilipofunguliwa mwaka 2017 lilipewa majina yote mawili, ukumbi na kanisa, na katikati wakaweka ukuta unaopenyeza macho. Upande huu watu wanapewa vyeti vya digrii, upande ule altare ya zamani inawatazama.

Lakini msidhani kwamba serikali imejitenga na dini. Ukihamia, fomu ya kuandikisha makazi inakuuliza dini yako. Mimi nikajaza Mlutheri, na tangu hapo hati yangu ya mshahara ina mstari wa kodi ya kanisa: asilimia 9 ya ile kodi ya mapato ninayolipa (majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni 8). Serikali inakusanya na kuwapelekea kanisa. Hakuna bahasha ya ahadi wala mnada wa kuku na mkungu wa ndizi baada ya ibada. Na ukitaka kutoka humwoni mchungaji. Unakwenda ofisi ile ile inayosajili ndoa na vifo, unasaini, unalipa ada, basi. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya laki tano walisaini hivyo. Wengine ni kodi iliyowakimbiza, wengine ni zile kashfa za mapadre na watoto, na hapo siwezi kuwalaumu hata kidogo. Mimi bado nakatwa.

Jambo moja la kuchekesha. Jumapili maduka yamefungwa na kelele hazitakiwi. Siku hiyo inalindwa hadi kwenye katiba. Jirani yangu wa chini, mzee asiyeamini Mungu wala jini, alipanda ngazi kunigongea kwa sababu nilikuwa natoboa ukuta kwa drili siku ya Bwana. Nimekemewa juu ya sabato na mpagani.

Sasa maadili, maana hapo ndipo kiini cha swali lenu. Mnafikiri asiye na dini hana mipaka. Nilichokikuta ni watu wenye mipaka mikali, ila wameiweka mahali pengine. Kumchapa mtoto, kwa mfano. Tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hata mzazi haruhusiwi. Nikisimulia kazini jinsi tulivyokuwa tunachapwa shuleni, watu wanashusha sauti na kunionea huruma, vile vile Shangazi anavyoshusha sauti akitaja binti aliyepata mimba kabla ya ndoa.

Au tohara. Mwaka 2012 mahakama ya Cologne ilisema kumtahiri mvulana kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Ikazuka vurumai! Wayahudi na Waislamu walikuwa upande mmoja, na wapo madaktari waliosema mwili ni wa mtoto mwenyewe, asubiri akue aamue. Na nani angethubutu, katika Ujerumani hii yenye historia ile ya kuwaangamiza Wayahudi, kumwambia Myahudi kwamba agano lake ni kosa la jinai? Desemba mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuruhusu, kura 434 dhidi ya 100. Kwa hiyo wanetu wanatahiriwa, kwa daktari. Jando la kijijini halimo.

Ndoa za jinsia moja, najua ndicho mlichokuwa mnakizunguka. Bunge lilipiga kura tarehe 30 Juni 2017. Angela Merkel, binti wa mchungaji, aliacha kila mbunge afuate dhamiri yake, yeye mwenyewe akapiga kura ya hapana, akashindwa, 393 kwa 226. Kesho yake alikuwa bado Kansela. Kanisa letu la Kilutheri Tanzania lilikataa jambo hili kwa Tamko la Dodoma mwaka 2010, na makanisa mengi ya Kilutheri huku yanabariki, na bado wanaalikana na kusaidiana. Msimamizi wangu wa zamu kwenye nyumba ya wazee ni mwanamke na ana mke. Nilipofiwa na baba ndiye aliyehangaika na ratiba mpaka nikawahi mazishi, mlinipokea wenyewe pale Kilimanjaro. Hajawahi kuniuliza naamini nini. Anachotaka nisimdharau, na mimi sina sababu ya kumdharau. Majina mliyotaka nimwite siwezi kumwita.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mkaazi wa ile nyumba ya wazee ninayofanya kazi anaweza kufa, akaja msemaji wa kukodi, akasoma maisha yake kwenye karatasi, muziki ukapigwa kwenye spika, watu wakatawanyika kabla kahawa haijapoa. Hamna matanga, hamna wimbo hata mmoja wa kuimba pamoja. Hapo ndipo namkumbuka mchungaji wetu na hotuba zake ndefu.

Na mtoto? Sheria ya mwaka 1921 inasema akifika miaka 14 anachagua dini mwenyewe, mzazi huna kauli. Mwanangu ana 13. Shuleni wanachagua kati ya somo la dini na somo la etika. Yeye yuko dini, na anaijua Ramadhani kuliko mimi. Mafundisho ya kipaimara anakwenda, mengine ataamua. Juzi mezani aliniuliza mimi nilichagua lini, nikamwambia ale.

Kurudi, hapana, si sasa. Desemba tunakuja wote. Shangazi, mwanangu akikataa kuamka kwa ibada ya kwanza, mpeleke ya pili, na fimbo iache nyuma ya mlango.