Usivihukumu vichaka mapema

Umesema ulifyeka vichaka katika msitu wa misonobari wa kaskazini, na wiki tatu baadaye udongo bado unatoa kaboni dioksidi kwa kiasi kilekile. Tafadhali usihitimishe kwamba vichaka havina mchango katika gesi hiyo. Mizizi iliyokufa inaoza, na gesi ya uozo huo huweza kuziba pengo la mizizi iliyoacha kupumua. Tena kivuli kikiondoka, udongo hupata joto na vijidudu huchangamka. Pima halijoto na unyevu kila unapopima gesi, uendelee hadi msimu ujao.

Miti nayo ina nguvu kubwa: nchini Sweden, jaribio la kubandua magome kuzunguka mashina ya misonobari ili sukari ya majani isifike mizizini, lililochapishwa 2001, lilipunguza upumuaji wa udongo (kaboni dioksidi inayotoka humo) kwa takriban asilimia 54 ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo linganisha viwanja vilivyo umbali sawa kutoka kwenye mashina ya miti, ili mizizi ya miti isipotoshe vipimo.