Mwenzangu mjamzito ameambiwa aende likizo bila malipo. Sheria inasemaje?

Swali: Mimi ni Mkongo, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama hapa Iowa, na ndiye ninayewapangia wenzangu kazi kwenye laini yetu. Mwenzetu mmoja kutoka Honduras ana mimba ya miezi mitano. Aliomba awe na maji karibu na asinyanyue makreti mazito. Msimamizi amesema alete barua ya daktari kwa yote mawili, la sivyo aende likizo bila malipo. Ana miaka sita hapa na analipwa dola 18.40 kwa saa. Kijana wa kiume ambaye yeye alimfundisha kazi mwaka jana analipwa 20.15. Alipoomba kupandishwa cheo aliambiwa mama mwenye watoto wadogo hataweza. Je, sheria inamlinda? Na mimi nikimsemea, nitafukuzwa?

Jibu: Dada, asante kwa kumsemea mwenzio. Nianze na mimba, kwa sababu mambo ya mshahara yanaweza kuchukua miezi, lakini mgongo wa mjamzito hausubiri.

Tangu tarehe 27 Juni 2023 Marekani ina Sheria ya Haki kwa Wafanyakazi Wajawazito, ambayo huitwa kwa kifupi PWFA. Inambana kila mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Haijali mama ameanza kazi lini, tofauti na sheria ya likizo ya familia ya 1993, inayotaka awe ametimiza miezi 12 na saa 1,250 kazini. Mwajiri anatakiwa kumrekebishia kazi, isipokuwa aonyeshe kwamba kufanya hivyo kutamletea ugumu au gharama kubwa.

Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2024 zimetaja mambo manne ambayo karibu kila mara hukubaliwa bila mjadala: kuwa na maji karibu na kuyanywa, kwenda choo zaidi, kukaa au kusimama kadiri anavyohitaji, na kupumzika ili ale au anywe. Kwa haya, kudai barua ya daktari ni kosa. Kauli ya mama mwenyewe inatosha. Najua kwenye nyama kuna masharti ya usafi na huenda chupa isiruhusiwe juu ya laini. Basi iwekwe mahali pa jirani na aachiwe nafasi ya kuifikia. Hilo si ombi la kumshinda mwenye kiwanda.

Makreti ni suala jingine. Hapo mwajiri anaweza kuomba uthibitisho, lakini si lazima utoke kwa daktari: mkunga au muuguzi anayemhudumia anatosha, na barua ieleze tu uzito ambao asiuvuke na hadi lini. Hata kama kunyanyua ni sehemu kubwa ya kazi yake, anaweza kuondolewa kwa muda. Na hili alishike sana: haruhusiwi kulazimishwa kwenda likizo, yenye malipo au isiyo na malipo, ikiwa yapo marekebisho mengine yanayomwezesha kubaki kazini. Asiisaini fomu ya likizo wanayompa.

Haikuwa hivi zamani. Peggy Young, dereva wa UPS, alishauriwa akiwa mjamzito asinyanyue zaidi ya pauni 20. Kazi yake ilitaka pauni 70, akarudishwa nyumbani bila mshahara. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifufua kesi yake, lakini ikaacha mzigo mzito kwa akina mama: kuonyesha kwamba kuna wafanyakazi wengine wasioweza kunyanyua waliorekebishiwa kazi huku wao wakinyimwa. PWFA imeuondoa mzigo huo. Mwenzio hahitaji kumtafuta mtu wa kujilinganisha naye.

Sasa wewe mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kumwambia mtu anayempangia kazi kila siku ni sawa na kumwambia mwajiri. Alipokwambia wewe, kampuni imeshajua. Pia unaweza kuomba kwa niaba yake. Ombi halihitaji Kiingereza, fomu, wala jina la sheria yoyote.

Kuhusu mshahara, piga hesabu. Tofauti ya dola 1.75 kwa saa ni dola 70 kwa wiki ya saa 40, zaidi ya dola 3,600 kwa mwaka. Kwa wastani wa nchi nzima, mwanamke wa Kilatino anayefanya kazi muda wote hupata chini ya senti 60 kwa kila dola ya mwanamume Mzungu. Takwimu hiyo inauma, lakini peke yake haitamshindia kesi, kwa sababu sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nani hupewa kazi gani. Sheria ya Malipo Sawa ya 1963 inauliza jambo jembamba zaidi: mwanamke na mwanamume, mahali pamoja, kazi inayolingana kwa ujuzi, juhudi na wajibu. Wao wanasimama laini moja, na yeye ndiye aliyemfundisha kijana. Mwajiri anaweza kujitetea kwa ukongwe kazini, na hapo ukongwe uko upande wa mama. Tena haruhusiwi kusawazisha kwa kumpunguzia kijana.

Ile kauli ya watoto wadogo aiandike leo: tarehe, aliyesema, maneno yenyewe. Tangu kesi ya Ida Phillips mwaka 1971, kumnyima mama nafasi ambayo baba mwenye watoto wa umri huohuo angepewa ni ubaguzi wa kijinsia.

Je, utafukuzwa? Kulipiza kisasi kwa anayepinga ubaguzi ni marufuku, hata kama wewe ni msimamizi kamili. Kuzungumzia mishahara na wenzako kunalindwa na sheria ya 1935, ila hiyo haiwalindi wasimamizi wenye mamlaka ya kuajiri au kuadhibu. Kupanga kazi tu kwa maagizo ya wakubwa hakukufanyi mmoja wao.

Malalamiko ya mimba na ya kunyimwa cheo hupelekwa EEOC, tume ya serikali kuu ya fursa sawa kazini. Muda ni siku 180, na Iowa, yenye chombo chake cha haki za kiraia, siku 300. Kwa Sheria ya Malipo Sawa anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja, ndani ya miaka miwili. Sheria hizi zinamlinda hata asiye na makaratasi ya uhamiaji. Ila kama ana wasiwasi huo, amwone kwanza mwanasheria wa msaada wa bure.

Kesho, kabla ya zamu, atume ujumbe wa simu kwa msimamizi, kwa Kihispania kama ndicho anachokimudu: “Nina mimba. Nahitaji maji karibu yangu, na nahitaji kazi isiyo na makreti mazito. Nataka kuendelea kufanya kazi.” Sentensi ya mwisho asiiache. Kisha apige picha ya ujumbe huo na aitume kwa mtu wa nyumbani, isibaki kwenye simu yake peke yake.