Usisome peke yako

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Mwalimu, nasoma makala za ualimu kila wiki, lakini darasani ni mimi yule yule." Nimeurudia ujumbe huo mara tatu, maana mimi nami nilikuwa hivyo kwa miaka sita. Napakua makala, napigia mistari, nafunga faili, basi.

Aliyenitoa huko ni mwenzangu anayefundisha Hisabati. Tulikubaliana makala moja kila wiki mbili: kila mmoja aisome kivyake, kisha aje na sentensi moja iliyomgusa. Ya kwanza ilihusu utafiti wa miaka ya 1970 wa Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, halafu humtaja mwingine au hujijibu mwenyewe. Akivumilia angalau sekunde 3, majibu hurefuka, na hata wanafunzi wanyamavu huanza kusema.

Nikamwambia, "Hilo si tatizo langu." Hakubishana. Kesho yake alikuja akaketi dawati la nyuma na saa ya simu yake, na kipindi kilipoisha akanipa karatasi: 1, 1, 2, 1, 0. Ile sifuri iliniuma. Nilikuwa nimeuliza na kujijibu kwa pumzi moja!

Sasa nafika sekunde 3, mara nyingine 4, na najivunia kweli. Mwezi uliopita binti ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze alieleza kwa nini barafu huelea. Alieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kueleza mimi.

Ila chagua mtu. Kabla ya huyu wa Hisabati nilisoma na mwingine kwa miezi minne, kisha nikayasikia mawazo yangu kwenye kikao cha walimu, yakitoka kinywani mwake kama yake. Sikusema neno siku ile, na mpaka leo sijalisahau.

Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, acheni kusoma kwa kujificha. Tafuta mtu atakayekuuliza, "Na wewe hili unalifanyaje?", na asiishie kwenye jibu lako, bali aje aone. Anzeni na makala fupi. Msikubaliane haraka. Tena msikubaliane haraka!

Nawe uliyeniandikia, mpelekee mwenzako makala moja leo, kisha mwachie dawati moja la nyuma.