Kabla Hujapanga Mchele, Geuza Sado

Mwanangu, hongera kwa kizimba chako cha sokoni. Najua ulivyokisubiri, najua na mkopo ulioingia nao, na Jumapili mliposimamishwa mbele ya kanisa kuombewa, wewe na wenzako mnaoanza biashara, niliitikia Amina kwa sauti yangu yote. Lakini kuna mambo ambayo pale madhabahuni hayana nafasi ya kusemwa. Nimeuza mchele na maharage hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya, tangu mwaka 1997, na yale niliyojifunza kuhusu kumfuata Kristo, mengi nimejifunzia hapa nikiwa nimeinama juu ya gunia.

Kwa hiyo kabla hujapanga kitu mezani, chukua sado uliyonunua, igeuze, uangalie kitako chake.

Sado zetu hizi za kupimia, ndoo za rangi za lita 4, hupita mikono mingi. Ambayo haijaguswa ina kitako bapa. Iliyopashwa moto ikasukumwa kwa ndani, kitako kimeingia kama shavu la mtu anayenyonya ndimu. Mteja hawezi kuona, maana macho yake yako juu, kwenye kile kilima unachomjengea kwa mkono ili ajione amependelewa. Unamwongezea juu kiganja kimoja, huku chini umeshamchukulia viganja vitatu.

Yangu ya kwanza niliuziwa na mtu aliyekuwa anahama soko. Sikujua ilivyo. Hilo ni kweli kwa wiki ya kwanza tu. Wiki ya pili nilipima mchele wangu kwenye mizani ya jirani, nikaona kila sado inapungua kama robo kilo, nikanyamaza. Nilijiambia mwezi ukiisha nitanunua nyingine. Mwezi ukaisha, kodi ya nyumba ikaja, nikaendelea nayo. Wakati ule nilikuwa nikiuza kama sado 20 kwa siku. Kilo 5 za watu kila siku ya Mungu, na Alhamisi jioni niko kwenye mazoezi ya kwaya naimba sauti ya pili.

Hakuna mahubiri yaliyonishtua. Aliyenishtua ni mama lishe mmoja aliyekuwa akichukua sado 2 kwangu kila asubuhi. Siku hiyo alisimama akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, mchele wako siku hizi hauvimbi?" Hakuwa ananituhumu. Alidhani mbegu imebadilika. Anapika kwa sufuria ile ile, maji yale yale, anapakua kwa upawa ule ule, na mwisho wa siku sahani 2 hazipatikani. Kwa mama lishe, mwanangu, zile sahani 2 za mwisho ndizo faida. Zile za kwanza zote zinarudisha mchele, mkaa na mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye faida yake na namwita dada.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa nikamweleza. Akafungua Luka 19 tukasoma habari za Zakayo, anavyosema kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Kisha akaniuliza, "Unajua ni kiasi gani?" Nikapiga hesabu mbele yake. Sado 2, siku 6 za juma, majuma 8: sado 96, robo kilo kila moja, kilo 24. Mara nne ingekuwa kilo 96, karibu gunia. Sikuwa na uwezo huo. Nikaweza mara mbili, kwa awamu nne, na siku ya awamu ya kwanza nilimweleza yule mama ukweli wote, nimesimama kwenye banda lake watu wakila.

Alinisamehe, na hakununua tena kwangu. Yote mawili yalikuwa haki yake. Nakuambia hili mapema kwa sababu utasikia shuhuda nyingi za mtu aliyetubu na kesho yake wateja wakafurika. Mimi sikufurikiwa. Kwa wale nisiowajua, mapato ya sado mbovu niliyakadiria nikayapeleka kwa wajane wa usharika, kidogo kidogo, karibu mwaka mzima. Kwaya nilijiondoa kwa muda, si kwa kufukuzwa, ila nilihitaji kukaa kimya kwanza.

Sasa twende shambani, maana kipimo unachouzia ni nusu ya habari. Kuna kile unachonunulia.

Utakapokwenda Mbarali kununua mpunga, Igurusi au Ubaruku, utakuta desturi ambayo kila mtu ataiita ya kawaida. Gunia la debe 6 linajazwa mpaka mdomo haufungi. Linainuliwa, linagongeshwa chini, linasukwa, linashindiliwa kwa ngumi. Halafu linaongezewa kipande cha gunia jingine juu na kushonwa kwa kamba, debe 7, wakati mwingine 8. Mkulima analipwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na kwenye viazi ni mbaya kuliko hata kwenye mpunga. Sheria ya Vipimo inaikataza, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Bado lipo, kwa sababu mkulima ana mgonjwa ndani au ada inadaiwa, na mnunuzi anaijua hali hiyo kabla hajashuka garini.

Nimewahi kumsikia mnunuzi mwenzangu, mpendwa kabisa, amesimama juu ya gunia analikanyaga huku anatamka Luka 6:38, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Watu wakaitikia Amina. Nami niliitikia. Usiku ule andiko halikuniacha nilale. Nikawasha taa nikalisoma tangu mwanzo wa mstari: linaanza na "Wapeni watu vitu." Anayeshindilia katika mstari ule ni yule anayetoa, na anashindilia kwa hiari yake, kwa ajili ya mwenzake. Sisi tulikuwa tumeligeuza, anayepokea ndiye anayemshindilia mwenye mali. Na mstari unamalizia kwa kusema kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Sijawahi kuitikia Amina kwa haraka tangu siku hiyo.

Jirani yangu wa kizimba, mzee Mwislamu anayeuza karanga, nilipomsimulia aliniambia hata kwao iko sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Tulitazamana. Huyu mzee ndiye anayenishikia meza Jumapili nikiwa na dharura ya mzigo, nami namshikia Ijumaa saa za msikitini. Kwenye mambo ya sado hatujawahi kubishana dini.

Nilichofanya ni kununua mizani ya kuning'iniza na kwenda nayo shambani. Ukifanya hivyo, jiandae. Msimu wa kwanza dalali aliyekuwa akinipeleka kwa wakulima aliniacha, kwa kuwa na yeye alikuwa anakula kwenye ile ziada. Nilirudi na gari nusu. Gharama ya gari ni ile ile likiwa limejaa au nusu, kwa hiyo mwaka ule nilikula mtaji, na mwanangu wa pili alichelewa kuanza kidato cha kwanza wiki tatu kwa sababu sare zilikuwa hazijakamilika. Mume wangu aliniuliza kama Mungu ndiye aliyenituma au ni mimi mwenyewe. Lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Misimu iliyofuata wapo wakulima walionipigia simu wenyewe kabla hawajavuna. Wapo pia walioendelea kuuza lumbesa kwa sababu mnunuzi yule alikuja na fedha mkononi wiki mbili kabla yangu. Sikuwalaumu. Ukinunua kwa kilo kwa kutarajia kwamba Mungu atakulipa kwa kukuletea mzigo, utarudi kwenye lumbesa msimu wa kwanza utakaopata hasara. Nunua kwa kilo kwa sababu mpunga ule ni wa mkulima aliyeulima.

Juu ya kuhakiki mizani sina mengi. Ipeleke kwa Wakala wa Vipimo kila mwaka, lipia, ubandikiwe stika. Usingoje waje na msako.

Maneno ndiyo magumu zaidi, kwa sababu hayana kitako cha kugeuza.

Mteja wa Dar es Salaam akifika hapa neno lake la kwanza ni "Nataka wa Kyela." Mchele wa Kyela una harufu yake na bei yake. Mezani una wa Mbarali, mzuri, msafi, hauna chenga. Ukisema tu "Huu hapa mama," hujasema uongo wa kumfunga mtu, lakini umedanganya. Mimi nasema, "Huu ni wa Mbarali, wa Kyela umeisha. Pika huu kidogo uone." Wengine huondoka. Wengine hununua, na hao wakirudi hawaulizi tena jina la mchele.

Kuna uongo mwingine ambao hata wapendwa hawauhesabu: "Mimi mwenyewe nimenunua kwa bei hiyo hiyo," "Kwa bei hiyo hata mtaji haurudi," halafu anauza kwa bei hiyo hiyo na mtaji unarudi. Bwana alisema maneno yetu yawe "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Njia yangu ni rahisi, nakugawia: usimtajie mteja ulinunua kwa bei gani. Si lazima ajue. Mwambie, "Bei yangu ni hii, mwisho wangu ni hapa." Akiondoka, mwache aende na mpe kwa heri njema. Ukiapa, umeshaanza kuuza kitu kingine pamoja na mchele.

Halafu madeni. Wa kwanza kukukopa watakuwa watu wa kanisani, na wengi wao watalipa. Wachache watakuambia "Bwana atakulipa." Andika kwenye daftari, tarehe, kiasi, na mwenyewe atie sahihi, hata akiwa mama wa ubatizo wako. Daftari si ukosefu wa upendo. Linawalinda wote wawili siku kumbukumbu zitakapotofautiana. Soko la zamani lilipoungua mwaka 2006, daftari langu liliungua na mchele wangu wote. Wiki iliyofuata, wakati nimekaa nyumbani sijui nianzie wapi, watu watatu walikuja kila mmoja kwa wakati wake kuniletea fedha walizokuwa wakidaiwa, na hakuna aliyeweza kuwadai. Mmoja nilikuwa nimemsahau kabisa. Wengine hawakuja. Wale watatu ndio waliorudisha kizimba changu, na kila ninapoona mtu mwenye uso wa aibu anaomba akopeshwe kilo 2 mpaka Jumamosi, nawakumbuka hao.

Ila usikopeshe mtaji. Kopesha kile ambacho kisiporudi bado utanunua mzigo. Kama huwezi kukopesha, toa kidogo bure na useme ni bure.

Kuli akishusha mzigo, mlipe kabla hajaondoka. Usimwambie apite jioni, wala usimwambie huna chenji. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, na ukiwaona wakinunua unga wa nusu kilo saa moja usiku utaelewa kwa nini.

Umeniuliza kama ubandike aya kwenye kizimba na kufungua redio ya nyimbo za injili. Redio fungua, kwa sauti ambayo jirani anaweza kuvumilia. Aya, ningekuomba usubiri miezi michache. Mtu akiona jina la Yesu juu ya meza, atapima kwa macho makali zaidi, na ana haki. Yohana Mbatizaji alipofuatwa na watoza ushuru wakimuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wala hakuwapa maneno ya kutangaza. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Walirudi kwenye meza zile zile.

Kuhusu maombi ya asubuhi, usijisumbue kutafuta muda mrefu ambao soko halina. Mzigo unafika saa 11 alfajiri. Mimi naomba nikiwa nafungua kamba za turubai, nalitaja kila gunia na mtu aliyelilima nikimkumbuka kwa jina, kisha wale nitakaowauzia ambao siwajui bado. Ni dakika chache. Siku niliyonunua vibaya, maombi hayo yanakuwa mazito kutamka, na hapo najua kuna mtu wa kumpigia simu kabla jua halijapanda.

Umesema unaanza kuuza Jumatatu. Pita kwangu Jumamosi saa 10 jioni, watu wakipungua. Njoo na sado yako, na ile ya mwenzako mliyenunua pamoja. Tutazijaza mchele, tuzipime moja moja kwenye mizani yangu, na kama kuna iliyoguswa, ninazo mbili mpya nyumbani, utachukua moja.