Usiuze drafti kwa malipo ya mara moja

Futa hiyo bei kabla hujalala ndugu yangu. Umeuliza wenye majukwaa ya michezo ya ubao wanapataje hela, matangazo yanalipa au hayalipi, leseni inaombwaje, halafu chini kabisa umechomekea kwamba drafti yako ya mtandaoni utaiuza elfu kumi mtu acheze maisha yake yote na watu 12 washalipa. Hapo ndo nimeshtuka, maana mimi nilifanya hivohivo, elfu kumi ileile.

Walilipa watu 412, karibu wote miezi mitatu ya mwanzo, M-Pesa inalia mpaka usiku. Milioni nne na laki moja na ishirini. Seva, ile kompyuta inayoendesha mchezo mtandaoni, ilikuwa inakula laki nne na nusu kila mwezi, piga hesabu mwenyewe. Mwezi wa kumi tangu nifungue nikaanza kutoa mfukoni na wateja wapo tu, wanakesha wanacheza, yule anayecheza sana ndo anakula seva sana na kwangu hadaiwi hata mia. Mwezi wa kumi na mbili nikazima. Mzee mmoja akanipigia, "mwanangu, ile drafti niliyolipia ya maisha imeenda wapi?" Nilimrudishia elfu kumi yake, wengine 411 sikuwa na cha kuwapa, na mpaka leo inaniuma.

Na usinambie sikutafuta ushauri. Kuna jamaa alijiita mshauri wa biashara za mtandaoni, akala laki tatu yangu kunambia Mtanzania halipi kila mwezi. Halipi vipi wakati king'amuzi analipia na bando ananunua la siku?!

Cheki Board Game Arena, jukwaa la kucheza michezo ya ubao mtandaoni, Wafaransa wawili waliianzisha 2010, kampuni ya michezo ya Asmodee ikainunua 2021. Kujiunga bure, ila michezo mingine meza yake, yani sehemu mnapokutana kucheza, inafunguliwa na mwanachama anayelipia, wenzake wanakuja kukaa bure, yani mmoja akilipa kijiwe kizima kinacheza, na mwezi ujao analipa tena. Utaniambia Tabletop Simulator, programu nyingine ya michezo ya ubao, inauzwa mara moja pale Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, sawa, ila mchezo unaendeshwa na kompyuta ya mchezaji aliyefungua meza, na nyongeza wanauza pembeni. Wewe bili ya seva inakuja kwako kila mwezi, kwa hiyo hela nayo lazima iingie kila mwezi, hata kama ni buku tu kwa anayefungua meza.

Hao 12 warudishie leo, laki na ishirini bado unaimudu.