Barua kwa mwanangu: nepi, kigoda na kaka yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa ubavuni. Unauliza kama umrudishie mjukuu wangu nepi au ushikilie msimamo hadi azoee, kwa kuwa haja ndogo huenda msalani mwenyewe bila taabu, lakini haja kubwa ameikataa katakata, na asipopewa nepi hukaa siku 3 au 4 bila kupata choo. Nitafika huko kwenye nepi. Kwanza niambie jambo ambalo hukuliandika: anapokipata hatimaye, choo chenyewe huwa laini au kigumu? Mtoto wa miaka 3 na nusu anayekataa kwa nguvu namna hiyo, mara nyingi kuna siku aliumia, na hajaisahau.

Nakuuliza kwa sababu ya kaka yako. Ile habari ya mlango wa msalani mnaisimulia kwa kicheko kila tukikutana, nami hucheka pamoja nanyi, lakini mnaisimulia nusu yake tu. Alikuwa na miaka 4. Akibanwa alisimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, mikono imeng'ang'ania ukingo wa meza, uso umemwiva, nami nikidhani anasukuma nilikuwa nikimhimiza asukume zaidi, kumbe alikuwa anabana kwa nguvu zake zote. Baadaye nguo zake za ndani zikaanza kuchafuka, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, nikauita huo ukaidi. Jioni ile nilimketisha msalani, nikafunga mlango kwa nje na kumwambia hatoki mpaka amalize. Aliimba nyimbo zote alizozijua, na wewe ukawa unampitishia penseli za rangi chini ya mlango. Hapo ndipo mnapochekea. Nilipofungua baada ya saa nzima, miguu iliyokuwa ikining'inia ilikuwa imekufa ganzi, akashindwa kusimama, akaniambia, "Baba, nimejaribu."

Daktari aliyemwona wiki hiyo hakuuliza lolote kuhusu adabu. Alimbonyeza tumbo upande wa kushoto, chini ya kitovu, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka papo hapo, nikagusa kitu kigumu kama mpira mdogo. Akanieleza kwamba choo kikikawia ndani, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji, hivyo kinakauka na kuwa kikubwa. Kikitoka kinaumiza, na mtoto aliyeumia hubana zaidi siku inayofuata. Hali hiyo ikiendelea, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka hata ile hisia ya kubanwa ikafifia, na kilicho laini kikapenya kando ya kile kigumu na kuvuja bila mtoto kuwa na habari. Nilikuwa nimemwadhibu mwanangu kwa jambo ambalo hakulihisi hata lilipokuwa likitokea. Tumbo halipokei amri. Maneno hayo mmenisikia nikiyasema maisha yenu yote, na sasa mnajua niliyapata wapi.

Tulipewa dawa ya kulainisha choo, ambayo mimi kwa ujuaji wangu niliikatisha baada ya wiki 3 nilipoona amepona, tukalazimika kuanza upya na kuendelea nayo kwa miezi. Tulimpa pia maji, matunda na mboga kwa wingi, na kigoda cha kukanyagia, ili magoti yapande kidogo kuliko nyonga na miguu isielee hewani. Kila baada ya kula aliketi dakika 5, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo nao huamka, na tulimsifu kwa kuketi tu, atoe asitoe.

Hata hivyo nisijipake mafuta. Kumketisha mtoto kila siku kwa saa zilezile nako ni amri ya namna yake, na bila utaratibu huo sidhani kama angepona. Mama yako anasema mlango uliokuwa wazi ndio uliotofautisha. Huenda ndivyo.

Sasa nepi. Nimejiapiza kutokutolea hukumu, maana mtoto ni wako na wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Ila ungenishika koo ningesema kwamba nepi haitamdhuru kama choo kilichobanwa siku 4, na kwamba mtoto anaweza kupewa nepi kwa sharti la kuivalia msalani, na akishazoea mahali penyewe, aketi nayo juu ya choo cha kukalia, kabla ya kuivua. Basi, nimekwisha kusema niliyosema sitayasema.

Katika jambo moja tu sikuachii hiari: mpeleke kwa daktari wiki hii, wala usimchagulie dawa mwenyewe, na ukiona damu, tumbo limevimba au anatapika, usingoje hata kesho.

Kigoda bado kipo. Mguu mmoja umelegea, nitaugongea msumari kabla sijakuletea. Na tafadhali usimsomee kaka yako barua hii. Ile nusu ya habari ya mlango nataka nimweleze mimi mwenyewe.

Wako,
Baba